Mbinja Nyuma ya Ukuta wa Mahir

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesikika redioni! Nimesikika Faza nzima, na hakuna aliyejua ni mimi.

Nilikuwa dukani kwa Bakr. Nilikwenda kununua viberiti. Kwa kweli nilikwenda kuchunguza, maana tangu juzi Bakr ananiamkia kwa uchangamfu usio na sababu. Mara redio yake ikapiga "Feri Imeondoka". Wimbo wetu! Bendi yetu, Kilindini Nyota, Mombasa, enzi za suruali pana na viatu vya soli nene. Na katikati ya wimbo, pale ambapo mpiga tarumbeta alishikwa na kwikwi siku ya kurekodi, ikaingia mbinja. Mbinja yangu. Midomo yangu, pumzi zangu, meno yangu yote yakiwa bado kinywani. Nilishika kaunta.

Mtangazaji akasema wimbo huo utatolewa upya katika santuri. Akasema mpiga mbinja ni mtu wa Faza, jina lake halikuandikwa popote, na inasemekana yu hai. Binti mmoja anaitwa Nerea, mkusanyaji wa muziki wa zamani, yuko njiani kuja kumtafuta.

Watu wote dukani wakamgeukia Bakr. Kila mtu anajua kwamba Bakr alipiga gitaa la besi Mombasa, hajawahi kuficha. Wakamuuliza kama ni yeye. Bakr akatabasamu, akasema Mungu ndiye ajuaye.

Tabasamu lile silipendi.

Mimi hawakuniuliza. Wataniulizaje? Faza nzima inajua kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kiwanda cha barafu. Nilisema hivyo mwenyewe nilipokwenda kumposa Mardhiya, kwa sababu baba yake hakutaka kumwona mtu wa dansi hata kwa mbali. Bakr peke yake ndiye aliyejua, naye aliniapia kwamba hatasema. Na kweli hajasema. Miaka yote hiyo! Mtu gani anatunza siri ya mwenziwe miaka yote hiyo bila kutaka kitu? Anaingoja siku yake. Naona imefika.


Jumanne, 4 Novemba

Nerea amefika. Amefikia kwa Mahir, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mahir anamwoza binti yake Shifaa wiki hii, nyumba imejaa wageni, lakini kwake mgeni mmoja zaidi si kitu. Au kuna mtu amemshawishi ampokee? Nachunguza.

Ni binti mdogo, viatu vya mpira, kinasa sauti kimemning'inia shingoni. Anacheka na kila mtu. Amekaa dukani kwa Bakr asubuhi nzima. Nilipita mara kadhaa, kwa bahati tu. Kila nilipopita walikuwa wanaongea. Nilipopita karibu zaidi wakanyamaza, wakanisalimia. Kwa nini mtu anyamaze ili asalimie?

Ataondoka Jumanne ijayo kwa boti ya asubuhi. Jina atakaloondoka nalo ndilo litakaloandikwa kwenye santuri, basi.

Nalitaka jina langu pale. Nalitaka sana. Nimeimba, nimepiga mbinja, wanawake wa Mombasa walikuwa wakitupa leso jukwaani, na leo hakuna hata kipande cha karatasi duniani kinachosema Jeilani alikuwapo. Ila siwezi kujitangaza. Niko kamati ya msikiti. Na Mardhiya? Nitamwambia nini Mardhiya kuhusu ile barafu?

Lakini nikigunduliwa! Mtu akigunduliwa hana kosa. Anainamisha kichwa, anasema basi, mmenipata. Kwa hivyo ni lazima Nerea anigundue mwenyewe. Kazi yangu ni kumsaidia bila yeye kujua. Mpango ni mzuri sana. Nimelala mchana kwa furaha.


Jumatano, 5 Novemba

Siku mbaya.

Nilihitaji mazoezi. Nyumbani haiwezekani, Mardhiya anasema anayepiga mbinja ndani ya nyumba anaita nyoka. Nikaenda kwenye jabia la zamani nje ya mji, ile sakafu kubwa ya saruji ya kukingia maji ya mvua, ambayo tangi lake lina paa la kuba. Ukipiga mbinja kwenye kidirisha cha tangi sauti inakurudia imenona. Nikapiga. Mwanzo ulitoka upepo mtupu. Kisha ikaja! Ilikuja yote, na ule mzunguko wa mwisho ambao hakuna mwingine aliyeuweza pwani nzima.

Sikuwaona wanawake waliokuja kuteka maji. Niliwasikia tu wakikimbia. Waliacha madumu yao.

Kufikia adhuhuri mji mzima unasema jabia limeingia jini. Kufikia alasiri maalim amekwenda na watoto wa chuoni kulisomea. Na nani yuko nyuma yao na kinasa sauti mkononi, macho yanawaka? Nerea! Jini linalopiga mbinja, angelikosaje? Nilikuwa kichakani, hatua chache tu. Hapo ndipo ilikuwa nipige. Lakini wanasoma Ayatul Kursi! Mjumbe wa kamati atashindana na Ayatul Kursi?

Mahir akaniona kichakani. Akadhani nimekuja kusaidia. Akaniomba niongoze dua. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwomba Mwenyezi Mungu amwondoe huyo kiumbe, afunge kinywa chake, asisikike tena Faza. Watu wakaitikia amin kwa nguvu. Bakr aliitikia kwa nguvu kuliko wote, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Analia au anacheka? Nachunguza.


Alhamisi, 6 Novemba

Mpango mpya. Kama siwezi kujionyesha, basi nimwonyeshe Bakr kwamba si yeye. Bakr hajui kupiga mbinja. Hawezi hata kumwita paka.

Nikamwalika kahawa barazani kwangu, nikamwalika na Nerea. Nikawaketisha wakitazamana. Nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na habari, kwamba nasikia Bwana Bakr ni bingwa wa mbinja, si atupigie kidogo mgeni asikie? Nikangoja aaibike.

Bakr akainua kikombe. Akasema midomo yake siku hizi ni ya kahawa tu. Nerea akacheka sana, akaandika! Ameandika nini? Kimechekesha nini? Mjanja huyu ameepa, na ameepa kwa namna iliyomwongezea sifa. Sasa binti anadhani ni unyenyekevu wa msanii mkubwa.

Nerea alipokwenda, Bakr alibaki. Akanitazama. Akaniambia, "Jeilani, huyu mwana ametoka mbali." Kisha akazungusha kikombe kitupu, kama mtu anayengoja kitu.

Hiki ni kitisho. Nimekigeuza huku na huku na kila upande ni kitisho. Nikamwambia hata mimi nina kazi nyingi. Akaondoka polepole. Kabla ya Isha akaniletea sahani ya mahamri ya moto. Nimempa paka kipande kwanza. Paka hajambo. Nimekula mengine, lakini kwa tahadhari.


Ijumaa, 7 Novemba

Shifaa ameolewa baada ya swala. Nikahi ya kheri, halwa nyingi. Bwana arusi ni mtu wa Ndau, mpole, anatazama chini. Sina tuhuma juu yake kwa sasa.

Lakini nimesikia jambo! Mardhiya amesema kesho alasiri ni kupamba. Bibi arusi ataonyeshwa kwa wanawake peke yao uani kwa Mahir. Na Nerea amealikwa, amepewa dera, amepakwa hina mpaka viwiko.

Uani kwa Mahir! Ukuta wake ndio ukuta wangu! Kwangu upande huu kuna tangi la maji. Juu ya tangi kichwa changu kinafika chini kidogo ya ukuta. Sitaona mtu, na sitaki kuona mtu, mimi si mtu wa namna hiyo. Nitapiga tu "Feri Imeondoka", mara moja, kwa ukamilifu. Nerea atanasa. Atazunguka kuja kutafuta. Bakr wakati huo atakuwa dukani mbele ya mashahidi. Na mimi nitakuwa hapa, uani kwangu, mzee anayemwagilia mwasumini. Atanigundua! Nitainamisha kichwa.

Nimekagua mpango kutoka kila upande. Hauna tundu.


Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa shida. Mdomo umevimba.

Baada ya alasiri Mardhiya alitoka na buibui juu, nguo mpya ndani, viatu vyake vya mchuchumio vya dhahabu. Nilipohakikisha amefika nikapanda tangi. Upande wa pili ngoma, vigelegele, marashi mpaka nikapiga chafya. Nikangoja ngoma zipumzike. Zilipopumzika nikaanza.

Wallahi sijapata kupiga namna ile. Hata Mombasa sikupiga hivyo. Kule nilikuwa kijana, nilipiga kwa mbwembwe. Leo pumzi zilikuwa chache na kila moja niliitia mahali pake. Upande wa pili wakanyamaza wote. Wanawake mia wakiwa kimya! Nikasikia furaha kifuani, furaha ya kweli, nikafumba macho. Machozi yalinitoka, sioni haya kuyaandika. Nikaingia ule mzunguko wa mwisho.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba ni mwanamume.

Ikawa ghasia. Viti vikaanguka, wanawake wanatafuta buibui zao, mtu analaani. Nikajiinua kidogo kuona kama Nerea anakuja. Kidogo tu! Sikuona mtu, niliona kitu cha dhahabu kinakuja hewani. Kikanipiga kinywani. Nikaanguka ndani ya mwasumini.

Jino la mbele limekwenda. Nimelitafuta kwa magoti. Nimepata kiatu tu. Cha mchuchumio, cha dhahabu.

Mardhiya alirudi akichechemea, mguu mmoja mtupu. Akasema kuna mbwa wa mtu amepiga mbinja nyuma ya ukuta, watu wako vichwa wazi na vifua wazi! Akasema mwanzo mbinja yenyewe ilikuwa nzuri, karibu alie, ndipo akakumbuka kwamba hiyo ni ya mwanamume, akavua kiatu. Akasema alisikia kikimpata. Alifurahi sana kusema hivyo. Kisha akaniona mdomo. "Na we yeo una nini?" Nikamwambia nimejikwaa. Akasema hata tangi letu limesogea, huenda mbwa huyo alipitia kwetu. Nikasema inawezekana, watu siku hizi!

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na habari, kama yule mgeni alinasa mbinja hiyo. Mardhiya akanishangaa. Anase na nini? Simu zote na mashine zote zimeachwa mlangoni, kwa Bi Ummu anayezishika, kama kwenye kila kupamba. Hakuna picha, hakuna sauti.

Naijua desturi hiyo! Mimi mwenyewe niliiunga mkono kwenye kamati! Nilisimama nikaisemea!


Jumapili, 9 Novemba

Wazee wamekaa barazani kwa Mahir baada ya adhuhuri. Mji umechafuka. Kupiga mbinja kwenye kupamba ni sawa na kuchungulia, alisema Mahir. Mtu huyo lazima apatikane aombe radhi.

Hakuna aliyeona haja ya kutafuta mbali. Nani mpiga mbinja wa Faza? Si redio imesema? Tena jana alasiri, wakasema, duka lake lilikuwa limefungwa. Wakampeleka mtu amwite Bakr.

Nilijibana kwenye nguzo. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, nakiri. Bakr, wewe uliyetabasamu, sasa tabasamu! Bakr akaja. Mahir akamuuliza mbele ya watu kama ni yeye. Bakr akavua kofia. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Akasema anaomba radhi kwa nyumba ya Mahir kwa yote yaliyotokea, na jambo hilo halitatokea tena. Akachukua aibu yote ile akaiweka kichwani kwake kama mtu anayebeba mtungi.

Nilikuwa karibu kumsifu. Ndipo Nerea, aliyekuwa amekaa mlangoni na wanawake, akaomba ruhusa ya kusema. Akasema anajua limetokea kosa, na yeye pia anasikitika, lakini mbinja ile ndiyo ileile ya kwenye wimbo, pumzi ileile, na hajasikia kitu kizuri kama kile maishani mwake. Akasema sasa hana shaka ni nani.

Na akamtazama Bakr!

Basi ndio mpango wake! Aibu itasahaulika mwezi huu, jina litabaki milele kwenye santuri. Amenunua jina langu kwa radhi moja! Sikuweza kuvumilia. Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba ni mimi. Mimi Jeilani. Nilipiga mbinja juu ya tangi langu, na nilipiga mbinja Mombasa, na katika kiwanda cha barafu sijawahi kutia mguu.

Kisha Mahir akasimama, akanishika mkono, macho yamemlenga machozi. Akasema hakujua kwamba duniani bado kuna marafiki wa namna hii. Mzee wa kamati, mtu wa dua, anajitia madoa ili kumsitiri mwenziwe!

Nikasema hapana, ni mimi kweli! Wakasema mashallah.

Nikatoa kiatu chini ya kikoi, nilikokificha Mardhiya asikione. Nikakiinua wote wakione. Mardhiya akakitambua kutoka mlangoni. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, kumbe hata ushahidi alikwenda kuuondoa mwenyewe ili Bakr asikutwe nao. Sasa wengi walikuwa wanalia.

Nikasema nitapiga, sikilizeni. Nikakaza midomo. Palipokuwa na jino pakatoka upepo na mate. Mahir alijifuta uso kwa kanzu yake, akanikumbatia.

Bakr alikuwa ananitazama wakati wote huo. Sikuelewa anatazama nini.


Jumatatu, 10 Novemba

Napendwa na kila mtu. Haivumiliki.

Asubuhi nimepishwa njiani na mwendesha bodaboda. Maalim amenitaja kwenye darsa bila kunitaja, lakini wote wakanigeukia. Mardhiya amenipikia samaki wa nazi bila miba kwa sababu ya jino, akasema siku zote alijua ameolewa na mtu mwema, ila hakujua ni mwema kiasi hiki. Nilipotaka kurudia kwamba ni mimi niliyepiga, akaniwekea kidole mdomoni. "Nyamaa. Mimi sikujui? We huwezi mbinja." Miaka yote hii kitanda kimoja!

Mwanamke huyu pia sina hakika naye. Alilenga vizuri sana kwa mtu asiyejua anamlenga nani.


Jumanne, 11 Novemba

Bakr amekuja mara tu baada ya alfajiri, kabla ya boti. Hakutaka kukaa. Akaniambia Nerea amemfuata jana usiku, anataka kumwandika. Amemkatalia. Amemwambia si yeye, na kwamba ni nani hawezi kusema, ameapa. Binti akamsihi akamwambia basi aombe aachiliwe kiapo.

Kwa hivyo ameniomba. Akasema, "Niliapa mbele yako, ni wewe tu wa kuniondolea kiapo. Sema neno moja, Jeilani, sasa hivi nashuka gatini nimwambie, naye mimi ataniamini, nilikuwa nimesimama nyuma yako na besi siku ile." Akasema amechoka kusifiwa kwa kitu ambacho kila akikisikia ananiona mimi, na leso zile, na shati langu la manjano. Akasema, "Tutakufa, Jeilani, acha japo jina lako libaki."

Nikamtazama vizuri. Siku zote ananyamaza, leo anataka kusema. Kwa nini leo? Kwa nini baada ya jino kuondoka? Nikaona mchezo wote! Aseme ni mimi, niitwe Mombasa, nisimamishwe jukwaani mbele ya watu na taa, nikaze midomo, na kitoke kile kilichotoka kwa Mahir. Kisha wote watasema hakika alikuwa Bakr. Amepanga vizuri. Karibu aninase.

Nikamwambia kiapo ni kiapo.

Akaniuliza mara ya pili. Mtu mwenye nia safi haulizi mara mbili. Nikafunga mlango, kwa adabu. Nilisikia amesimama pale nje muda mrefu kabla ya kwenda.

Boti imeondoka. Mahir aliyemsindikiza mgeni amepita kuniambia habari. Kwa vile Bakr amekataa katakata, binti ameandika kwamba mpiga mbinja hajulikani.

Hajulikani! Kisiwa hiki ambacho ukichemsha chai jirani anajua umetia iliki ngapi! Mtu hawezi kupotea hivi hivi tu kwenye wimbo wake mwenyewe. Kuna mtu amekaa, amepanga, amehakikisha jina langu halifiki kwenye boti ile. Nimeanza uchunguzi leo leo. Kutoka dirishani namwona Bakr amekaa mbele ya duka, redio imezimwa, anafuta macho kwa kofia yake.

Nani anamlipa?